Kemikali za Neva na Ujenzi wa Ubongo Mchanga

Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa, pwani ya Mlingotini, kijiji kilichoko kusini mwa mji wa Bagamoyo, huwa na pilikapilika nyingi. Wanawake hushuka katika ghuba yenye kina kifupi kukagua kamba zao za mwani zilizofungwa kwenye vigingi. Kwenye miamba ya ukanda huu wa pwani wako watu wanaotembea na michokoo wakichungulia mashimo ya pweza. Asiyeangalia anapokanyaga hukumbana na yule mnyama wa mviringo mwenye miiba mirefu, akarejea nyumbani akichechemea. Pweza na mnyama huyo wa miiba, pamoja na konokono wa maji baridi na aina moja ya mwani mwekundu, wana sehemu yao katika historia ya elimu ya ubongo wa mtoto aliye tumboni mwa mama yake.

Pweza ndiye wa kwanza. Akimkamata kaa humtia mate yenye sumu, na kaa hulegea. Mtaalamu wa Kiitalia, Vittorio Erspamer, alizichunguza tezi za mate za pweza, na mwaka 1948 alitambua ndani yake kemikali iliyopewa jina la oktopamini, jina lililotokana na la mnyama mwenyewe. Katika tezi hizo hizo ilikuwamo kemikali nyingine, ambayo Erspamer alikuwa amekwisha kuiona miaka ya 1930 katika utando wa ndani wa matumbo ya wanyama. Mwaka huo huo wa 1948 wataalamu watatu wa mji wa Cleveland, Marekani, yaani Maurice Rapport, Arda Green na Irvine Page, walitenga kemikali kutoka katika damu ya ng'ombe wakaiita serotonini. Mwaka 1952 ilidhihirika kwamba kemikali ya Erspamer na ile ya Cleveland ni kitu kimoja.

Serotonini imo pia katika ubongo wa binadamu, nayo huhusika na usingizi, hamu ya chakula na hali ya furaha au huzuni. Lakini seli zinazoitengeneza huonekana katika ubongo wa binadamu tangu majuma ya mwanzo ya mimba, wakati ambapo kiumbe kilichomo tumboni hakina usingizi wala hamu ya chakula, na sehemu kubwa ya ubongo wenyewe haijajengwa. Ikiwa serotonini ni tarishi, basi tarishi huyu amefika kazini kabla ofisi haijainuliwa kuta. Anafanya nini pale?

Habari zipitazo katika ufa

Kabla ya kulijibu swali hilo yafaa kukumbuka kazi ya kawaida ya kemikali hizi. Ubongo wa mtu mzima una seli za neva zipatazo bilioni 86. Kila seli ina matawi mafupi yanayopokea habari, yaitwayo dendriti, na uzi mrefu unaopeleka habari, uitwao aksoni. Habari husafiri ndani ya aksoni kwa njia ya umeme. Lakini mwisho wa aksoni aghalabu haugusani na seli inayofuata. Kati yao pana ufa, na mahali hapo huitwa sinapsi. Milimita moja ikigawanywa sehemu milioni moja, upana wa ufa huo ni sehemu 20 hivi. Umeme hauruki ufa huo kwa urahisi, na ndipo kazi ya kemikali inapoanza: ncha ya aksoni hutoa kemikali kidogo, kemikali huvuka, nayo huingia katika vipokezi vya seli ya pili kama ufunguo uingiavyo katika kitasa.

Aliyethibitisha jambo hili ni Otto Loewi, katika mji wa Graz, Austria, mwaka 1921. Loewi mwenyewe alisimulia kwamba jaribio lilimjia usingizini. Aliamka akaliandika, na asubuhi akashindwa kusoma mwandiko wake. Usiku uliofuata wazo likamrudia, na mara hii hakungoja kuche, akaenda maabara. Alichukua mioyo miwili ya vyura. Aliusisimua neva wa moyo wa kwanza ukapunguza mapigo; kisha akachukua maji yaliyouzunguka moyo huo akayamimina kwenye moyo wa pili, ambao neva wake haukuguswa. Moyo wa pili nao ukapunguza mapigo. Kilichosafiri katika maji yale kilikuja kujulikana kuwa ni asetilikolini. Loewi na Henry Dale wa Uingereza walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1936.

Baada ya asetilikolini zilitambuliwa nyingine nyingi: serotonini, dopamini, glutamati, GABA, na kadhalika. Zote huitwa nyurotransmita, na katika makala hii zitaitwa pia kemikali tarishi. Kwa muda mrefu vitabu vya shule vilizieleza kwa kazi hiyo moja tu ya kupeleka habari. Maelezo hayo ni sahihi, ila hayatoshi.

Ncha inayopapasa

Seli ya neva haizaliwi na matawi yake. Huanza ikiwa mviringo kama seli nyingine, kisha huchipuza. Mwaka 1890 Santiago Ramón y Cajal wa Hispania, alipokuwa akitazama kwa hadubini neva za kifaranga ambacho hakijaanguliwa, aliona kwamba kila uzi unaokua umevimba mwishoni. Uvimbe huo ndio unaoitwa ncha ya ukuaji. Cajal aliuona katika vipande vilivyokufa na kutiwa rangi, akakisia tu kwamba ulikuwa ukienda. Mwaka 1907 Ross Harrison wa Marekani aliweka kipande cha neva cha kiinitete cha chura katika tone la maji ya mwili, akaketi mbele ya hadubini, akaiona ncha ikitembea.

Ncha hiyo hufanana na kiganja chenye vidole vyembamba vinavyopapasa gizani. Kidole kimoja hugusa hapa kikajikunja, kingine hugusa kule kikashika, na ncha nzima hujivuta upande ule, ikiacha uzi nyuma yake. Katika mwendo wa jumla ya milimita moja kwa siku, au pungufu, ncha hizi ndizo zinazolaza nyaya zote za ubongo na uti wa mgongo. Ikiwa ncha itasimama mapema mno, au isisimame panapostahili, uzi hautafika kunakohusika. Kwa hiyo kuuliza ni nini huiamuru ncha kwenda au kusimama ni sawa na kuuliza ubongo hujengwaje.

Kabla ya neva

Fununu ya kwanza ilitokana na yule mnyama wa miiba. Wataalamu wa elimu ya viinitete humpenda sana, kwa sababu mayai yake ni mengi, hurutubishwa ndani ya bakuli la maji ya bahari, na hugawanyika mbele ya macho ya mtazamaji. Tangu miaka ya 1960 Gennady Buznikov na wenzake mjini Moscow walionyesha kwamba yai lililorutubishwa la mnyama huyu lina serotonini na kemikali nyingine za aina hiyo tangu migawanyiko ya kwanza kabisa, wakati ambapo halina hata seli moja ya neva. Walipotumia dawa za kuzizuia kemikali hizo, ugawanyikaji wa yai uliharibika.

Hapo ilibidi mambo yafikiriwe upya. Huenda kazi ya utarishi siyo kazi ya asili ya kemikali hizi. Huenda viumbe vya kale vilizitumia kuongoza ukuaji wa seli, na neva zilipotokea zikazirithi kwa kazi mpya, kama vile jahazi la kuvulia linavyoweza kugeuzwa la kupakia mizigo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Jean Lauder wa Marekani aliwapa panya wenye mimba dawa ya kupunguza serotonini, akaona kwamba katika ubongo wa vijusi vyao baadhi ya seli zilichelewa kuacha kugawanyika na kuanza kukomaa. Hata hivyo ubongo wa panya una seli nyingi mno, na ilikuwa vigumu kusema serotonini ilimgusa nani na ikamfanya nini.

Konokono anatoa jibu

Jibu lililo wazi zaidi lilitoka kwa konokono wa maji baridi aitwaye Helisoma. Konokono huyu ni wa Amerika ya Kaskazini, lakini ni wa ukoo mmoja na Biomphalaria na Bulinus, wale konokono wa Afrika wanaokuza vimelea vya kichocho. Bulinus ndiye anayehusika na kichocho cha mkojo katika ukanda wetu wa pwani. Mwalimu atakayewaonyesha wanafunzi konokono wa aina hii na asisahau kutumia koleo na kuepuka kugusa maji kwa mikono mitupu.

Ubora wa konokono kwa kazi hii ni kwamba neva zake ni chache na baadhi ya seli zake ni kubwa. Tena kila seli kubwa ina mahali pake na umbo lake, hata mtaalamu huweza kuipa namba na kuikuta mahali pale pale katika konokono mwingine. Katika Chuo Kikuu cha Iowa, Stanley Kater na wenzake walichagua seli mbili. B19 inasimamia misuli ya kinywani inayoendesha ulimi wa kukwangulia chakula. B5 inahudumia umio. Walizitoa seli hizo mmoja mmoja, wakaziweka katika sahani yenye maji yaliyokwisha kukaa na vipande vya neva za konokono wengine, nazo zikaanza kuchipuza nyuzi mpya zenye ncha za ukuaji.

Kisha wakatia serotonini. Ncha za B19 zilisimama na vidole vyao vikanywea. Ncha za B5 ziliendelea kutembea kana kwamba hakuna lililotokea.

Taarifa hiyo ilichapishwa mwaka 1984 na Philip Haydon, Douglas McCobb na Kater, na yapasa isomwe polepole, maana ndani yake mna mambo mawili. La kwanza, kemikali tarishi peke yake, bila sinapsi na bila habari yoyote, inaweza kusimamisha ukuaji wa neva. La pili, haisimamishi kila neva. Amri ni moja, lakini anayeitii ni yule tu mwenye kipokezi kinachostahili na mitambo ya ndani ya kuitekeleza. Kwa njia hii kemikali moja iliyoenea mahali pengi inaweza kulipa kila tawi umbo lake. Watafiti hao waliona tena kwamba seli mbili za konokono huungana kwa umeme endapo zote mbili zinakua kwa wakati mmoja. Moja ikisimamishwa na serotonini, muungano haufanyiki. Mwaka 1989 majaribio ya kupunguza serotonini katika viinitete vya konokono yalionyesha kwamba umbo na miunganiko ya baadhi ya seli zinazoitii hubadilika. Mambo ya sahani, basi, yalikuwa na ukweli wake ndani ya mnyama mzima.

Kinachofanyika ndani ya seli kinaeleweka kwa kiasi kizuri. Kemikali tarishi inapofika kwenye kipokezi huweza kuruhusu ioni za kalsiamu kuingia. Kalsiamu ikiwa kidogo mno, ncha haiendi. Ikiwa ya wastani, ncha hutembea. Ikizidi, vijiti vya protini vinavyoisukuma ncha huvunjika na ncha husimama. Ikizidi mno, seli yenyewe hufa. Mpishi wa wali ataielewa kanuni hii bila kuelezwa: maji machache na maji mengi yote huharibu, ingawa kwa namna mbili tofauti. Hii ndiyo sababu kemikali moja huweza kukuza katika kipimo fulani na kuua katika kipimo kingine.

Mwani, glutamati na kifo cha seli

Je, yaliyomhusu konokono yanamhusu pia mnyama anyonyeshaye? Mwaka 1988 Mark Mattson, pamoja na Kater, alikuza seli za ubongo wa kijusi cha panya, zilizotoka katika sehemu inayohusika na kumbukumbu, akazitia glutamati, ambayo ndiyo tarishi mkuu wa kusisimua katika ubongo wetu. Kwa kipimo kidogo dendriti zilisimama na hata kufupika, huku aksoni za seli zile zile zikiendelea kukua. Kipimo kilipoongezwa seli zilikufa.

Hapa ndipo mwani unapoingia. Katika Japani watu walitumia kwa karne nyingi mwani mwekundu uitwao Digenea simplex kama dawa ya minyoo ya tumboni. Mwaka 1953 wataalamu wa huko walitenga kutoka humo tindikali ya kainiki. Baadaye ilionekana kwamba umbo lake linafanana na la glutamati kiasi cha kuingia katika vipokezi vyake, tena kwa nguvu zaidi. Katika maabara za leo hutumiwa kuleta kifafa katika panya ili ugonjwa huo uchunguzwe. Yafaa ieleweke kwamba mwani unaolimwa Mlingotini na Zanzibar ni wa jamii nyingine, Eucheuma na Kappaphycus, na hulimwa kwa ajili ya karaginani, kitu cha kugandisha vyakula na dawa ya meno. Mwani huo hauna uhusiano na sumu iliyotajwa, na mkulima wake asitiwe hofu.

Tarishi abadiliye lugha

Kisa cha GABA ni cha ajabu kuliko vyote. Katika ubongo wa mtu mzima GABA ndiyo breki: huzituliza seli. Lakini mwaka 1989, mjini Paris, Yehezkel Ben-Ari na wenzake walionyesha kwamba katika ubongo wa panya mchanga GABA husisimua.

Sababu haiko katika GABA. Kipokezi chake ni mlango unaopitisha ioni za kloridi. Mlango wa soko ukifunguliwa alfajiri, watu huingia kwa sababu wengi wako nje. Ukifunguliwa jioni hutoka, kwa sababu wengi wako ndani. Mlango ni ule ule. Seli changa ya neva ina kloridi nyingi ndani yake, hivyo GABA ifunguapo mlango kloridi hutoka, seli husisimka, na kalsiamu huingia kuendesha ukuaji. Seli inapokomaa hupata pampu ya kutoa kloridi nje, iitwayo KCC2, ambayo kazi yake ilielezwa na watafiti wa Helsinki mwaka 1999. Tangu hapo mlango ukifunguliwa kloridi huingia, na GABA huwa mtulizaji.

Mwaka 2006 kundi la Ben-Ari lilitangaza kwamba panya anapokaribia kuzaa, oksitosini ya mama, yaani homoni ile ile inayoleta uchungu, huigeuza GABA ya kijusi kuwa ya kutuliza kwa muda mfupi, kana kwamba ubongo unalazwa wakati wa dhiki ya kuzaliwa. Hayo yalionekana kwa panya.

Mama mwenyewe yumo katika ujenzi huu kwa njia nyingine. Mwaka 2011 Alexandre Bonnin na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba katika panya kondo la nyuma hutengeneza serotonini kutokana na triptofani ya mama, na kwamba serotonini hiyo huufikia ubongo wa mbele wa kijusi kabla neva za kijusi hazijaleta ya kwao. Triptofani mwili hauwezi kuiunda. Hupatikana katika vyakula vya protini kama samaki, mayai na maharage.

Jaribio lililowanyamazisha wengi

Kufikia hapo msomaji angeweza kudhani kwamba kemikali tarishi ndizo fundi mkuu wa ubongo. Wengi walidhani hivyo hadi mwaka 2000. Mwaka huo Matthijs Verhage na wenzake, nchini Uholanzi, walichapisha habari za panya waliokosa protini moja inayohitajika ili seli itoe kemikali zake. Panya hao hawakuweza kutoa nyurotransmita yoyote katika sinapsi zao. Walikufa mara tu walipozaliwa, kwa kuwa hawakuweza kupumua. Lakini ubongo wao ulipokatwa na kutazamwa, tabaka zake zilikuwa mahali pake, nyuzi zilikuwa zimefika zilikotakiwa, na hata sinapsi zilikuwapo.

Kosa lingekuwa kulipuuza jaribio hili, na kosa lingine ni kulikuza kupita kiasi. Linaonyesha kwamba ramani ya jumla huchorwa na vitu vingine: chembe za urithi, na protini za kuongoza njia kama netrini, zilizotambuliwa mwaka 1994. Lakini taarifa ile ile inasema kwamba seli zilizokwisha kuungana zilianza kufa kwa wingi. Nyumba ilijengwa, ikabomoka kwa kukosa wakazi. Aidha, panya hao walipata bila shaka kemikali za mama kupitia kondo la nyuma. Maoni yaliyo salama ni kwamba kemikali tarishi hazichori ramani. Hurekebisha matawi, huchagua miunganiko ya kubaki, na huziweka seli hai. Kwa mtoto, tofauti baina ya ubongo uliochorwa vizuri na ubongo uliorekebishwa vizuri si ndogo hata kidogo.

Tambuu, pombe na dawa ya wadudu

Ikiwa kemikali hizi hushiriki katika ujenzi, kila kinachoziiga au kuzizuia huingia katika kazi ya ujenzi bila kualikwa. Mfano wa karibu ni uraibu wa pwani. Tambuu hutafunwa pamoja na popoo, chokaa, na mara nyingi tumbaku. Asetilikolini ina vipokezi vya aina mbili: nikotini ya tumbaku huingia katika aina ya kwanza, na arekolini ya popoo katika aina ya pili. Tafuno moja, basi, hubeba funguo mbili bandia za kemikali ile ile aliyoigundua Loewi. Vipokezi vya nikotini vimekwisha kuonekana katika ubongo wa binadamu katika majuma ya mwanzo ya mimba, na nikotini hupita kondo la nyuma bila kizuizi. Anayetafuna tumbaku, anayenusa ugoro na anayevuta sigara hawatofautiani sana mbele ya kijusi.

Pombe hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja: huziba aina mojawapo ya vipokezi vya glutamati na huongeza nguvu ya GABA. Madhara yake kwa watoto yalielezwa na Paul Lemoine nchini Ufaransa mwaka 1968, na mwaka 1973 madaktari wa Seattle, Marekani, wakayapa jina. Namna yanavyotokea ilianza kueleweka mwaka 2000, ilipoonyeshwa kwamba vitoto vya panya vilivyoleweshwa mara moja tu, katika siku ambazo sinapsi zao zinaundwa kwa wingi, hupoteza seli nyingi za ubongo. Seli zilizonyimwa habari hujiua.

Jambo la tatu linazihusu bustani za mboga na mashamba. Dawa nyingi za kuua wadudu za jamii ya fosfeti hai huua kwa kuzuia kimeng'enya kinachoivunja asetilikolini, hata mdudu akafa kwa msisimko. Kimeng'enya hicho mwanadamu anacho pia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, waliwafuatilia watoto ambao mama zao walikuwa wameguswa na dawa iitwayo klopirifosi wakati wa mimba, na mwaka 2011 wakatangaza kwamba waliokuwa na kiasi kikubwa katika damu ya kitovu walipata alama za chini za kumbukumbu na akili walipofika umri wa miaka 7. Umoja wa Ulaya uliacha kuiruhusu mwaka 2020, na mwezi Mei 2025 iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Stockholm ya kemikali za kukomeshwa, pamoja na ruhusa chache za muda. Kopo lililokwisha dawa hii lisifanywe chombo cha maji ya kunywa, na mwanamke mwenye mimba asipewe kazi ya kuinyunyiza.

Degedege la siku za kwanza

Utafiti huu unagusa wodi ya uzazi kwa namna iliyo dhahiri zaidi pale mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa anapopata degedege. Dawa anayopewa kwanza, hapa nchini na kwingineko, ni fenobabitoni, iliyoanza kutumiwa kwa kifafa mwaka 1912. Fenobabitoni huongeza nguvu ya GABA. Swali likawa: ikiwa GABA ya mtoto mchanga husisimua, je, dawa hii haimwagii moto mafuta? Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 1999 lilionyesha kwamba fenobabitoni ilituliza degedege la watoto 43 tu katika kila 100, na wengi waliona humo uthibitisho wa kazi ya Ben-Ari.

Ikafikiriwa kuongeza dawa ya pili, bumetanidi, ambayo kwa kawaida hutumiwa kuongeza mkojo, kwa sababu hupunguza uingiaji wa kloridi katika seli. Kwa panya ilileta matumaini. Jaribio la Ulaya kwa watoto wachanga lilisimamishwa kabla ya wakati, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2015: dawa haikuonyesha faida iliyotarajiwa, na baadhi ya watoto walipata upungufu wa kusikia. Jaribio dogo la Boston lililochapishwa mwaka 2021 lilionyesha nafuu kiasi. Katikati ya hayo, mwaka 2020, jaribio jingine la Marekani lililinganisha fenobabitoni na dawa mpya ya levetirasetamu. Fenobabitoni ilituliza degedege la watoto 24 katika 30. Dawa mpya, 15 katika 53.

Inaelekea, kwa hiyo, kwamba katika mtoto wa binadamu aliyetimiza miezi yake GABA nyingi imekwisha kubadili lugha, na kwamba sehemu mbalimbali za ubongo hazibadiliki siku moja. Ni sehemu ipi hubadilika lini, na je, mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia atibiwe sawa na aliyetimiza? Swali hilo lingali maabarani. Mwaka 2023 jopo la shirika la kimataifa la kupambana na kifafa lilipotoa mwongozo wake kwa watoto wachanga, liliiacha fenobabitoni mahali pa kwanza.